Mbio za rangi na mtoto wa miaka 4, nimpeleke au nimuache nyumbani?

mama_kidoti:

Wadau habari zenu, naombeni ushauri kwa waliowahi kushiriki zile mbio za rangi, zile mnavaa fulana nyeupe halafu njiani mnarushiwa poda nyekundu sijui ya bluu sijui ya njano mpaka mkimaliza hamjuani. Kazini tumejiandikisha kikundi kizima, kilomita 5, na tangazo linasema watoto ruksa wakiwa na mzazi. Binti yangu ana miaka 4. Kosa kubwa ni kwamba fulana zimeshafika na kaiona ya kwake, sasa hivi analala nayo na ukimwambia ivue ifuliwe ni vita.

Tatizo baba yake hataki. Anasema mtoto wa umri huo atavuta vumbi tu, atalia kituo cha kwanza cha kurushiwa rangi na mimi nitabeba mtoto kilomita nne zilizobaki. Mimi naona binti anatembea vizuri tu, tukitoka naye hachoki upesi, ila kuna mambo mawili yananitia wasiwasi kweli. Kwanza hapendi kabisa kitu kumgusa usoni, siku ya kuoshwa kichwa mtaa mzima unajua. Pili kelele kubwa anaziba masikio, na huko nasikia kuna spika za kufa mtu.

Halafu hiyo poda yenyewe ni kitu gani? Pumu hana ila mafua yakimshika kifua kinabana kidogo. Na je nibebe kigari chake cha kusukuma au kitakuwa mzigo? Naomba mniambie mlichoona, sio "inategemea na mtoto" maana hilo nalijua.

baba_mapacha:

Mpeleke. Nimeshaenda na wangu wawili wakiwa wadogo karibu umri huo na walifurahi kuliko mimi, ila nikupe picha halisi ujue unaenda wapi.

Kwanza toa neno mbio kichwani. Hakuna saa, hakuna mshindi, nusu ya watu wanatembea wanapiga selfi. Hawa walioanzisha ile maarufu ya The Color Run huko Marekani, ya kwanza ilifanyika Phoenix Januari 2012, waliitengeneza makusudi kwa watu wasiokimbia, wazo la kurushiana rangi likitoka kwenye Holi, ile sikukuu ya rangi ya Wahindi, na nyingi zilizofuata zimeiga hivyohivyo. Kwahiyo usiogope kwamba mtoto atachelewesha watu. Kilomita 5 kwa miguu ya mtoto wa miaka 4 pamoja na kusimama kuangalia kila mdudu ni saa moja na nusu hadi mbili, jipange hivyo.

Sasa kitu ambacho watu wazima hatukioni. Yule anayerusha rangi amesimama na poda kwenye chupa au kiganjani, anarusha kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Wewe inakupata kifuani, unacheka. Mtoto wako kichwa chake kiko wapi? Hapohapo kiunoni! Ile ya kwako ya kifuani yeye inamjia machoni na mdomoni moja kwa moja. Ndio maana unaona watoto wengi wanalia kituo cha kwanza, sio waoga, wamepigwa uso na mtu ambaye wala hakukusudia. Na usidhani kumpandisha mabegani ndio suluhisho, kule juu ndiko wingu lenyewe linapotanda.

Dawa yake ni kupita pembeni. Vituo vingi warushaji wanasimama pande mbili na katikati ndio pazito, wewe chukua ukingo wa nje kabisa, mtoto awe upande ambao hakuna mrushaji na mwili wako uwe ukuta. Mwambie apake mwenyewe, yaani mchotee poda kidogo kiganjani ajipake fulana, akupake na wewe. Wangu mmoja alikataa kabisa kurushiwa lakini kunipaka mimi mgongoni hakuchoka mpaka mwisho.

Kigari beba kama mnacho chenye matairi makubwa. Hatakikalia mwanzo, atakikalia mwisho, na katikati kitabeba maji na nguo. Ila soma kwanza masharti ya waandaaji, wengine hawataki vigari au wanavitaka vianze nyuma.

mchungu_wa_ukweli:

Mimi niko na baba yake. Mtoto wa miaka 4 hajaomba kwenda, ameomba fulana. Mtengenezee rangi nyumbani amwagiwe uwanjani na wenzake watatu, atafurahi vilevile, bila umati, bila spika, bila foleni ya choo (hakuna aliyetaja choo, subirini). Hizi shughuli tunasema tunawapelekea watoto kumbe tunajipeleka sisi na picha zetu.

baba_mapacha:

Mkuu kuna ukweli hapo kwenye picha 😂 ila na mzazi kufurahi sio dhambi.

nesi_wa_zamu:

Dada nijibu hilo la poda maana ndio swali lenye uzito na naona linapitwa kirahisi.

Poda ya mbio hizi kwa kawaida ni wanga wa mahindi uliochanganywa na rangi za chakula. Kwahiyo akilamba kidogo hakuna neno. Lakini kuliwa na kuvutwa ni mambo mawili tofauti, waandaaji wakikuambia "ni salama hata ukila" wamejibu swali ambalo hujauliza. Ikiingia kwenye mapafu ni vumbi kama vumbi jingine lolote, laini sana, na mtoto anapumua haraka kuliko sisi huku njia zake za hewa ni nyembamba. Mtoto mwenye pumu mimi nisingempitisha kwenye vituo kabisa, na hata mtu mzima mwenye pumu asiende bila inhela yake mfukoni. Wa kwako ambaye kifua kinabana akiwa na mafua: siku hiyo akiwa mzima nenda, akiwa na kikohozi au mafua hata madogo mbaki nyumbani, fulana isikudanganye. Na kama ameshawahi kukoroma kifua au kupewa dawa ya kuvuta, muulize daktari wake kabla, sio sisi wa humu.

Kitambaa chepesi cha kufunika pua na mdomo wakati wa kupita kituoni kinasaidia. Miaka 4 anaweza kukivuta mwenyewe akijisikia vibaya, hilo ndio muhimu. Kwa mtoto chini ya miaka 2 usimfunike pua wala mdomo. Na wale wanaofunika kigari chote kwa plastiki ili rangi isiingie, ndani mle joto linapanda haraka na hewa haizunguki, bora upite nje ya kituo tu.

Macho: miwani ya watoto, ile inayobana vizuri pembeni, hata ya kuogelea kama anaikubali. Ikiingia asisugue, mwagie maji safi ya kunywa polepole kutoka upande wa pua kwenda nje mpaka itoke. Kwahiyo ile chupa ya maji isiyo na kitu kingine ni lazima. Akiendelea kufumba jicho au limekuwa jekundu na halipungui, mpeleke hema la huduma ya kwanza.

Jambo la mwisho watu hawapendi nikilisema lakini nitalisema. Poda laini ikitanda hewani inashika moto. Juni 2015 huko Taiwan, kwenye sherehe ya kurusha poda za rangi ndani ya bustani ya maji, wingu la poda lililipuka mbele ya jukwaa, watu 15 walifariki na mamia waliungua. Ile haikuwa mbio, ilikuwa umati umebanana, poda nyingi sana mbele ya jukwaa lenye taa za moto. Njiani mnakopita mkiwa mmetawanyika sio hali ileile. Lakini pale mwisho, kwenye muziki, ambapo wanahesabu tatu mbili moja na kila mtu anarusha pakiti yake kwa pamoja, mimi na mtoto sisimami pale mbele. Na ukiona mtu anavuta sigara karibu, ondoka.

mama_kidoti:

Nesi umenifumbua macho, hilo la kuliwa na kuvutwa sikuwahi kulifikiria na ndio maneno yaleyale yaliyo kwenye tangazo. Baba yake nimemsomea hili jibu lako akaanza "nilisema nini", nikamsomea na la kupita pembeni akanyamaza. Sasa anataka kuja kubeba kigari, eti kusimamia usalama.

Vipi kuhusu kelele jamani? Na mchungu_wa_ukweli hebu maliza hilo la choo.

mchungu_wa_ukweli:

Vyoo viko mwanzo na mwisho, katikati mara nyingi hakuna kitu. Mtoto atasema amebanwa mkiwa katikati kabisa. Mpeleke dakika ya mwisho kabla ya kuanza hata akikataa, na beba chupi na suruali ya ziada kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, la sivyo nguo safi nazo zitakuwa za rangi. Bado sijabadili msimamo.

mrusha_rangi:

Mimi nimeshajitolea kurusha kwenye hizi mbio kwahiyo nizungumze kutoka upande wa pili wa chupa.

Tunaelekezwa tusilenge uso na watoto tuwarushie chini, miguuni. Tatizo ni kwamba likija kundi la watu wengi kwa pamoja humuoni mtoto, unaona vichwa vya watu wazima tu, na wewe mwenyewe macho yamejaa poda. Kwahiyo ukikaribia kituo acha kundi lipite, subiri pengo, halafu nyosha mkono juu ukitikisa kiganja kama unakataa, au mwonyeshee mrushaji mtoto kwa kidole. Asilimia kubwa tutashusha mikono. Wengine tunachuchumaa tunampa mtoto chupa aturushie sisi, na hapo ndipo utasikia kicheko, mtoto hajali kuchafuka akiwa yeye ndiye mwenye silaha.

Muda: watu hawaanzi wote kwa mpigo, wanaachiwa makundi kwa makundi. Ukiweza kuchagua chukua kundi la mwanzo. Chini bado kuko safi, maana kadiri watu wanavyopita poda inajaa chini na miguu ya watu inaitimua upya, na wingu hilo la chini ndilo liko usawa wa pua ya mtoto wako. Asubuhi pia jua halijakali. Faida nyingine, mkiwa wa mwanzo mnamaliza kabla uwanja haujafurika.

Kelele: spika kubwa ziko mstari wa kuanzia na jukwaa la mwisho, njiani ni nafuu ingawa baadhi ya vituo vina muziki wake. Msifike saa nzima kabla mkasimama mbele ya jukwaa, simameni nyuma kabisa, na kama unaweza kupata vile vizuia sauti vya masikio vya watoto, vinavyofunika sikio lote, mzoeshe nyumbani kwanza avione vya kawaida. Akivalishwa kwa mara ya kwanza palepale atavitupa.

Na uulize waandaaji ni poda tu au kuna rangi za maji na povu. Zingine siku hizi wanachanganya. Povu linateleza na kwa mtoto asiyependa maji usoni hiyo ni kazi nyingine kabisa.

baba_mapacha:

Hilo la kumpa chupa mtoto nalipigia mstari. Nyongeza ndogo: muandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, sio kwenye fulana. Mkishapakwa rangi watoto wote wanafanana na namba ya fulana haisomeki. Mimi huwa nawavalisha soksi ndefu za rangi moja ya ajabu ili niwatambue kwa miguu. Na simu yako itie kwenye mfuko wa plastiki unaobana, poda inaingia kwenye tundu la chaji.

mama_kidoti:

Asanteni sana aisee. Nimeamua tunaenda, kundi la kwanza, na nimekubaliana na baba yake kwamba kituo cha kwanza tunapita nje kabisa tukiangalia tu, yeye mwenyewe akitaka kuingia cha pili ndio tunaingia. Akikataa vyote tumetembea asubuhi, basi. Swali la mwisho kwa wenye uzoefu, hiyo rangi inatoka? Nywele zake zimesukwa na jumatatu ana shule.

mrusha_rangi:

Inatoka lakini usianze na maji! Hapo ndipo wengi wanaharibu. Ikiwa kavu ni vumbi, ikilowa inakuwa rangi kweli. Kung'uteni kwanza palepale, tumia taulo kavu au brashi laini, mgeuze ainame akung'utwe kichwa, masikio futa kwa kitambaa kikavu. Ukifika nyumbani ndio maji ya baridi na sabuni, maji ya moto baadaye. Kabla ya kwenda mpake mafuta mwilini na kwenye ngozi ya kichwa katikati ya misuko, poda itaganda juu lakini rangi haitazama, halafu mfunge kitambaa kichwani. Nyuma ya masikio na kwenye kucha itabaki siku moja mbili, mwalimu ataelewa.

Viti vya gari tandika shuka kuukuu kabla hamjatoka nyumbani maana mkimaliza mmechoka hutakumbuka.

nesi_wa_zamu:

Na ukimuosha usoni tumia kitambaa chenye maji, usimmwagie, maana ulisema hapendi.

mchungu_wa_ukweli:

Fulana msiifue na nguo nyingine. Akitaka ibaki na rangi zake watu wanapuliza siki na kupiga pasi, inasaidia kidogo tu, itafifia. Mwambie mapema.

mama_kidoti:

Hilo la kufifia utakuja kumwambia wewe 😂