Kilele cha eksirei katika kimiminika cha ioni chenye chuma: je, ni miseli?

Bint_Tudor aliuliza:
Assalaam aleikum, waungwana. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa kemia hapa Mombasa. Ninachunguza chumvi ambayo ioni yake chanya ni safaktanti ya amoni (molekuli ya jamii ya sabuni, yenye kichwa chenye chaji) yenye mkia wa kaboni 12, na ioni yake hasi ni FeCl4, yaani chuma na klorini nne. Kwa kuwa huyeyuka chini ya nyuzi 100 za selsiasi, inahesabiwa miongoni mwa vimiminika vya ioni, na tena huvutwa na sumaku. Ilipopimwa kwa mtawanyiko wa eksirei katika pembe ndogo, grafu ilionyesha kilele kipana kwenye q (kipimo kinachotokana na pembe ya mtawanyiko) ya takriban 2.3 kwa kila nanomita. Je, huo ni ushahidi kwamba ndani yake mna miseli, yaani vifungu vya molekuli za safaktanti zilizokusanya mikia yao ndani, kama zile za maji ya sabuni? Na chuma chenyewe kimekaa wapi?

Maalim_Maabara alijibu:
Waaleikum salaam, binti yangu. Miseli huogelea ndani ya kiyeyushi, nacho kimiminika chako hakina kiyeyushi. Kila kilichomo ni ioni. Vichwa vyenye chaji hushikamana na ioni hasi vikafanya mtandao usiokatika, na mikia, isiyo na nafasi katika mtandao huo, hujikusanya kando, hata sehemu hizo mbili zikawa zimesukana kama kili za mkeka. Canongia Lopes na Pádua walilionyesha jambo hili kwa hesabu za kompyuta mwaka 2006, na Triolo na wenzake wakaliona kwa eksirei mwaka 2007, ingawa wote walishughulika na chumvi za imidazoli (pete yenye nitrojeni) zisizo na metali ya aina yako.

Sasa gawanya 2π kwa q yako ya 2.3, utapata umbali wa nanomita 2.7 hivi baina ya tabaka moja la vichwa na jingine. Kwa kanuni ya Tanford, ya kukadiria urefu wa mikia kama hii, mkia wa kaboni 12 ulionyooka una urefu wa nanomita 1.67, mikia miwili iliyotazamana ncha kwa ncha ingezidi nanomita 3.3 kabla hata hujahesabu vichwa. Kwa hiyo mikia yako ama imepishana, ama imejikunja, na kwa maoni yangu hilo lastahili ukurasa mzima wa tasnifu kuliko suala la miseli.

Chuma kimo katika mtandao wa chaji, kila atomu ikiwa imezungukwa na klorini nne katika umbo la tetrahedroni, yaani piramidi ya pembetatu. Mvuto wa sumaku hauthibitishi kwamba atomu hizo zimerundikana, maana kila moja ina elektroni tano zisizo na mwenza, nazo zatosha.

Fundi_Likoni alijibu:
Naongeza jambo moja tu: maji. Vimiminika hivi hufyonza unyevu, na hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, haimhurumii mtu anayeacha chupa wazi. Maji huingia kwenye mtandao wa chaji, hubadili umbali ule, na yakizidi huing'oa klorini kwenye chuma, kisha mchanganyiko ukawa na asidi. Kausha sampuli katika ombwe, pima maji kwa njia ya Karl Fischer, kisha tazama spektra ya Raman, inayoonyesha mitikisiko ya molekuli kwa mwanga uliotawanyika: FeCl4 huonekana karibu na 330 kwa kila sentimita. Wenzetu wa kobalti wana nafuu, kwani ioni yao yenye klorini nne ni buluu na ikizungukwa na maji hugeuka waridi, hivyo jicho huwaonya mapema.

Bint_Tudor aliandika:
Shukrani, Maalim na ndugu yangu wa Likoni. Je, nyutroni zingenisaidia kuliko eksirei?

Maalim_Maabara alijibu:
Inategemea unatafuta nini. Eksirei huona elektroni: FeCl4 ina 95, ilhali kila kiungo cha CH2 cha mkia kina 8, kwa hiyo grafu uliyonayo inatawaliwa na sehemu yenye chuma. Nyutroni hutofautisha haidrojeni na deuteri (haidrojeni nzito), ambazo urefu wao wa mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi kiini cha atomu kinavyozitawanya nyutroni, ni femtomita −3.74 na 6.67, basi ukitaka kuijua mikia, tafuta safaktanti yenye mkia wa deuteri, japo bei yake ni kali. Ukitaka chuma peke yake, omba kipimo cha eksirei chenye nishati kadhaa chini kidogo ya keV (kiloelektronivolti) 7.11, ambapo chuma huanza kuzifyonza kwa wingi. Kitakachobadilika katika grafu kutoka nishati moja hadi nyingine kitakuwa kimetokana na chuma.