Anakula chapati kila siku, ila akicheza mpira baada ya kula anataka kufa. Ni nini?

Kaka wa Mbagala: Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 26, chapati kaanza kula hana meno. Juzi kala chapati na chai, saa moja baadaye kaenda mazoezini. Hajatoka hata jasho vizuri, viganja vikaanza kumuwasha, mwili ukafura vipele kama kamwagiwa upupu, midomo ikavimba, sauti ikapotea, akaanguka. Zahanati walimchoma sindano akaamka. Si mara ya kwanza. Akikimbia hajala, mzima. Akila akalala, mzima. Mama anasema kuna mkono wa mtu.

Fundi Koleo: Mama yuko sahihi. Kuna mtu anataka namba yake uwanjani.

Nesi wa Zamu: Fundi, acha hizo. Upo mzio wa ngano unaoamshwa na mazoezi. Ngano peke yake haimdhuru, kukimbia peke yake hakumdhuru; vikikutana ndani ya saa chache ndipo mwili unalipuka. Wengine mzio wa namna hii huwapata kwa kamba wa baharini au dagaa. Swali: siku hiyo alimeza dawa ya maumivu?

Kaka wa Mbagala: Duh! Goti linamsumbua, humeza diklofenaki kabla ya kuingia uwanjani.

Nesi wa Zamu: Ndiyo maana nimeuliza. Aspirini, diklofenaki na ndugu zao huuchochea sana mzio huo. Aende hospitali ya rufaa aonane na daktari wa mzio, kuna kipimo cha damu cha protini ya ngano iitwayo omega-5 gliadini. Kwa sasa aache mazoezi mpaka aonwe. Hata akiruhusiwa kurudi, asiguse ngano kwa muda wa angalau saa nne kabla ya mazoezi: mkate, mandazi, tambi, vyote. Na asikimbie peke yake. Hali hiyo ikimwanza, aache papo hapo, alale chali miguu juu, asiinuliwe. Akishindwa kupumua akae. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini ya kwenye paja. Setirizini, ile dawa ya mzio, inatuliza muwasho tu, koo haifungui.

Bint Dubai: Huku kuna sungusungu, wale chungu weusi, mwenzetu kaumwa nao kidole cha mguu bustanini, dakika chache hana pumzi. Nilidhani mzio ni karanga tu.

Kaka wa Mbagala: Asante dada nesi. Leo ana mazoezi saa kumi na moja na mandazi keshakula. Ngoja nimpigie.