Kuchapisha mwenyewe mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: niweke bei gani, nichape nakala ngapi?

dadu_na_kalamu

Hamjambo wadau. Nina mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa Kiswahili, saizi ya A5, kurasa 36 za ndani na jalada. Maandishi yamekamilika, maneno kama 10,000. Kila jaribio la mhusika linaamuliwa kwa dadu ya nyuso 20.

Gharama zilivyo: mchoraji anataka 2,500 kwa kila picha ya wino, picha ziko 6, na 8,000 kwa jalada la rangi. Mhariri 8,000. Kurasa nazipanga mwenyewe kwa programu ya Scribus. Jumla 31,000 kabla karatasi hata moja haijachapwa.

Kotesheni ya mjini: dijitali nakala 50 kwa shilingi 190 kila moja, ofseti nakala 500 kwa shilingi 88 kila moja. Ndani bondi ya gramu 80, nyeusi tupu. Jalada gramu 250 lenye lamineshini isiyong'aa, pini mbili mgongoni.

Nilikuwa nawazia bei ya 350 ili hata mwanafunzi amudu. Je, hesabu hii inasimama? Na ile ofseti, si ndiyo nafuu?

---

hesabu_kwanza

Ndugu, hiyo 350 usiitangaze popote bado.

Ukiuza kwa mkono wako kwa 350, toa 190 za uchapaji na kama shilingi 2 za makato ya Till (namba ya biashara ya kupokea M-Pesa), unabaki na 158. Gawa 31,000 kwa 158. Ni nakala 197 kabla hujarudisha pesa ya mchoraji na mhariri. Sasa kipeleke kitabu hichohicho dukani. Duka likitaka punguzo la asilimia 40, ambalo ni la kawaida kabisa kwa vitabu, litakulipa 210. Toa 190. Umebaki na shilingi ishirini, na utahitaji kuuza nakala 1,550. Mchezo mpya wa Kiswahili usiojulikana hauuzi hivyo Nairobi, na duka lenyewe halitakulipa mpaka nakala zitoke.

Weka 700. Mkononi inabaki 506, kwa hiyo nakala 62 zinarudisha gharama. Dukani unalipwa 420, inabaki 230, nakala 135. Kitabu ni kilekile, karatasi ni ileile. Kanuni ninayoishika ni kwamba bei ya jalada isiwe chini ya mara tatu na nusu ya gharama ya kuchapa nakala moja. Kwa 190 hiyo ni 665, ndiyo maana nasema 700. Watu hushindwa hapa kwa sababu hupanga bei wakijifikiria wao wenyewe wakiuza maonyeshoni, kisha duka linapokuja kuuliza hawana nafasi ya kutoa punguzo.

Mwanafunzi msaidie kwa njia nyingine. Toa PDF kwa 250, ambayo haina gharama ya karatasi, na karibu yote ni yako ukipokea kwa M-Pesa. Toa pia bure karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili: kanuni za msingi, mhusika mmoja aliyekwisha kutengenezwa, na tukio moja la kuanzia. Anayecheza hiyo jioni moja ndiye atakayenunua kitabu.

Kuhusu ofseti: 500 mara 88 ni 44,000. Pesa hiyohiyo kwa dijitali inakupa nakala 231. Maana yake ofseti ni nafuu pale tu utakapouza zaidi ya nakala 231. Ukiuza 120, umelipa kama shilingi 367 kwa kila nakala iliyouzwa, na 380 zimebaki kwenye maboksi zikinyonya unyevu. Tena kitabu cha kanuni si riwaya. Jedwali la ukurasa wa 14 likiwa na tarakimu moja mbaya, mchezo unakwama mezani, na kosa hilo unalo mara 500. Chapa 50, sikiliza wanaocheza, rekebisha, chapa 50 nyingine. Ofseti ifikirie baada ya nakala 150 kuisha kweli.

Kitu kimoja hukukiandika: wewe mwenyewe. Waandishi wa michezo hii wanaolipwa kwa neno huko nje hupata mara nyingi senti 5 hadi 10 za dola. Maneno 10,000 kwa senti 5 ni dola 500. Huwezi kujilipa leo, lakini iandike kwenye daftari, la sivyo utaita faida kitu ambacho ni mshahara wako.

---

wino_kirinyaga_road

Kotesheni yako ina mashimo. Uliza kama 190 ni pamoja na VAT ya asilimia 16, kwa sababu ikiongezwa baadaye inakuwa shilingi 220 na senti, na hesabu zote za hapo juu zinahama. Uliza pia kama kukata na kupiga krizi vimo.

Krizi ni ule mstari unaobonyezwa kwenye jalada kabla ya kukunja. Gramu 250 ikikunjwa bila krizi, tona hupasuka na mgongo unaonyesha uzi mweupe kutoka juu hadi chini. Jalada jeusi au la bluu nzito ndilo huumbuka zaidi. Waambie pia nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo, si kuukata. Shika karatasi ya jalada, ipinde kidogo kwa urefu kisha kwa upana: upande unaokubali kupinda kwa urahisi ndio mgongo unapotakiwa kuwa.

Kurasa 36 zinagawanyika kwa 4, hapo uko sawa: karatasi 9 za A4 zilizokunjwa. Lakini zikikunjwa pamoja, zile za katikati husukumwa nje, karibu milimita moja, kisha mashine ya kukata inazila. Ukiweka nambari ya ukurasa milimita 5 kutoka ukingoni, kurasa za katikati zitaonekana zimebanwa. Acha milimita 10 au 12 upande wa nje. Jalada lipe ziada ya milimita 3 kila upande, rangi ifike huko.

Kwenye Scribus, maandishi yawe meusi ya K (wino mweusi) asilimia 100 peke yake. Nyeusi iliyochanganywa na rangi nyingine tatu kwa herufi ndogo hutoka na kivuli, na mashine ya dijitali inaweza kuhesabu ukurasa huo kama wa rangi, ukatozwa bei ya rangi. Michoro ya wino iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, 300 haitoshi kwa mistari myembamba. Tuma PDF ya ukurasa mmoja mmoja kwa mpangilio wa kusoma, fonti zikiwa ndani. Usijipangie kurasa mbilimbili, hiyo ni kazi ya mchapaji, na ukimpa zilizopangwa tayari atazipanga mara ya pili na kurasa zitavurugika.

Dai nakala moja ya sampuli iliyokunjwa na kupigwa pini kabla ya kulipa salio. Isome yote ukiishika mkononi, usiiangalie kwenye simu. Andika "sawa" na tarehe juu yake, mpige picha. Zikija 50 zikiwa tofauti na sampuli, una cha kuonyesha.

---

msimulizi_pangani

Nigusie dadu, maana ni pesa pia, ila inatoka mfuko wa mnunuzi. Seti ya dadu za nyuso 4 hadi 20 hapa huagizwa au hutafutwa katika maduka machache ya michezo. Dadu ya nyuso sita iko kwenye kila boksi la Ludo. Mtu akinunua kitabu cha 700 kisha aambiwe atafute dadu asiyoijua, kitabu kinalala.

Ukihamia dadu mbili za nyuso sita, uwezekano wake uko wazi: jumla ya 10 au zaidi hutokea mara 6 kati ya 36, 7 hadi 9 mara 15, na 6 au chini mara 15. Hapo una ngazi tatu tayari: kufaulu, kufaulu kwa gharama, kushindwa. Lakini usihamishe nambari tu. Kwenye dadu ya nyuso 20, nyongeza ya +1 ni asilimia 5 daima. Kwenye dadu mbili, ikiwa mhusika anahitaji 7, +1 inamtoa mara 21 hadi mara 26 kati ya 36, karibu asilimia 14. Silaha yenye +3 itavunja mchezo. Nyongeza zako zote zipunguze na ujaribu upya.

Kama hutaki kubadilisha, weka ukurasa unaoeleza vikaratasi 20 ndani ya mfuko, na uandike wazi kwamba kila kikaratasi kinarudishwa kabla ya kuvuta kingine. Wasiporudisha, mwenye bahati mbaya mwanzoni anahakikishiwa bahati njema baadaye, na huo si mchezo ulioandika.

---

soko_la_mbali

Kwa kuuza PDF nje ya nchi, tovuti kuu ni mbili. itch.io inakuruhusu uchague mwenyewe asilimia wanayochukua, kwa kawaida inakuja imewekwa 10. DriveThruRPG inakuachia asilimia 70 ukiuza kwao tu, 65 ukiuza na kwingine.

Usiuze chini ya dola 3 huko. Ada ya malipo ina kipande kisichobadilika: chukua kiwango cha 2.9% na senti 30. PDF ya dola 1 kwenye itch ikitolewa 10% na ada hiyo, inabaki senti 57. Ya dola 5 inabaki dola 4 na senti 5. Wateja wa nchi nyingine huongeza makato kidogo, kisha kuna kubadilisha dola kuwa shilingi unapotoa PayPal kwenda M-Pesa au benki. Kwa hiyo usitoe kila wiki, ngoja zijae.

Ukichagua itch ikukusanyie pesa na kukulipa baadaye, utajaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya wanunuzi wa huko yanaweza kukatwa hadi asilimia 30. Iweke hiyo kwenye bei tangu mwanzo.

Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, haipokei miradi kutoka kwa mtu aliye Kenya. Wanaopitia mshirika aliye nchi inayokubaliwa hukatwa 5%, kisha ada ya malipo ya 3% na senti 20 kwa kila mchango, na pesa zote zinaingia kwa jina la huyo mshirika. Bila mkataba wa maandishi mimi singegusa. Hapa nyumbani, agizo la mapema kwa M-Pesa linatosha nakala 50, mradi maandishi yamekwisha na sampuli iko mkononi.

Uzito: karatasi 9 za A4 za gramu 80 ni gramu 45, jalada kama 16. Nakala moja na bahasha haifiki gramu 100. Posta uliza bei ya barua, usikimbilie EMS (huduma yao ya haraka), ila mwambie mnunuzi kwamba ya barua haina ufuatiliaji. Ndani ya nchi, nauli ya kifurushi iwe juu ya mnunuzi na iandikwe kando na bei.

---

dadu_na_kalamu

Asanteni sana, nimeshika kalamu. Bei 700, PDF 250, nakala 50 za dijitali, dadu mbili za nyuso sita. Mchoraji je, nimlipe mara moja? Na picha zinakuwa za nani? Mwingine ameniambia pia nisajili kanuni zangu KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) zisiibwe.

---

penseli_kayole

Mchoraji akiongea: gawanya malipo kwa hatua. Theluthi ukiidhinisha michoro ya awali, theluthi wino ukikamilika, theluthi faili zikifika. Andika idadi ya marekebisho, mawili yanatosha, na kiasi kinachobaki kwangu mradi ukifa katikati. Maelezo ya picha yawe na nani yuko, anafanya nini, ni saa ngapi, na vipimo vya nafasi kwenye ukurasa. "Chora kitu cha kutisha" kitakurudia mara nne.

Umiliki: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wachoraji wengi hawalijui hilo na hukasirika baadaye. Kama bajeti inabana, mwombe leseni tu ya kitabu na PDF, na uandike wazi kwamba picha ni zake na anaweza kuziuza kama mabango. Wengi tutashusha bei kwa hilo, na ni haki.

KECOBO husajili maandishi na picha zako. Wazo la kurusha dadu mbili na kuongeza nguvu ya mhusika halina hakimiliki, yako wala ya mwingine. Ukichukua maneno kutoka kwenye hati ya kanuni SRD 5.1 ya Dungeons & Dragons, ambayo tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya CC-BY 4.0 (unaruhusiwa kutumia mradi umtaje mwenye kazi), nakili tamko lao la utambulisho kama lilivyo ndani ya kitabu, na jina la mchezo wao usilitumie kujiuza.

---

wino_kirinyaga_road

Nimesahau karatasi ya mhusika. Ichapwe kwenye bondi, si ati pepa inayong'aa, maana penseli huteleza na kifutio huacha doa. Watu wataipeleka fotokopi, kwa hiyo ondoa vivuli vya kijivu nyuma ya maandishi, vitatoka madoa meusi. Kisanduku cha uhai kiwe na kimo cha milimita 12 hivi, kwa sababu hicho hufutwa na kuandikwa tena kuliko vingine vyote.