Cruiser ya safari ndefu kwa bajeti ndogo: Super Meteor 650, Vulcan 900 LT au C50T?

MzigoMwepesi
Wakuu, salaam. Mgongo umeshakataa kipikipiki changu cha cc 250. Natafuta cruiser, zile pikipiki za kiti cha chini na miguu mbele, ya kwenda nayo mbali, kilomita 400 hadi 500 kwa siku, siku mbili tatu mfululizo. Mara nyingi niko peke yangu, mara mojamoja mama watoto yuko nyuma. Bajeti si ya Gold Wing, ile Honda kubwa ya bei kali ya safari, wala sijidanganyi. Zimebaki tatu: Royal Enfield Super Meteor 650, Kawasaki Vulcan 900 Classic LT na Suzuki Boulevard C50T. Hizo mbili za mwisho nitachukua zilizotumika. Moyo uko kwa Vulcan kwa sababu ya cc. Nipeni ukweli, msinionee haya.

FundiSpana
Mkuu, cc weka pembeni kwanza. Angalia kinachozungusha tairi la nyuma. Super Meteor ni cheni, Vulcan ni mkanda, C50T ni shafti. Mchana hutaona tofauti, utaiona jioni: wenzako wameshaoga, wewe umechuchumaa na kopo la oili, unazungusha tairi kwa mkono cheni ikiwa bado ya moto, vidole vyeusi tii. Na usipokuwa na stendi ya kati, unaisukuma pikipiki hatua moja, unapaka, unasukuma tena. Kesho mvua ikinyesha, unarudia.

Shafti unabadilisha oili ya difu (gia za tairi la nyuma) kwa ratiba, basi. Mkanda ni mpole kuliko zote, haudai oili wala haupigi kelele. Adui yake ni kijiwe kinachopenya kati yake na puli. Kabla hujatoa hela ya Vulcan, mulika mkanda wote kwa tochi, jino kwa jino. Ukiona tundu au nyuzi zimechomoza, omba upunguziwe bei, maana kuubadilisha si kazi ya kando ya barabara.

DadaKlachi
Fundi kasema kweli ila kasahau tanki. Vulcan inabeba lita 20. Super Meteor 15.7, C50T 15.5. Tuseme kila moja inakwenda kilomita 20 kwa lita: Vulcan inagusa 400, hizo nyingine zinaishia 310 hivi, na hapo hujaacha akiba. Super Meteor ukiiendesha kistaarabu hunywa kidogo kuliko hiyo, kwa hiyo pengo linapungua.

Mimi mwenyewe sijawahi kukaa kilomita 400 bila kushuka, makalio yanakataa mapema. Ila nikifika kituo nikakuta foleni au pampu imefungwa, napita tu. Mwenye tanki dogo hapo anaanza kupiga hesabu na kupunguza mwendo.

GiaYaSita
Jamani Honda Rebel 1100T mbona hamuitaji? Injini ya Africa Twin, Honda ya safari za lami na vumbi, cc 1,083, mabegi magumu ya pembeni yako tayari, na ukitaka ipo isiyo na klachi ya mkono, yenye DCT, gia zinazojibadilisha zenyewe.

DadaKlachi
Nilijua tu utakuja 😂 Tanki lita 13.6 kaka, na cheni juu yake. Kwa kukimbia sina neno nayo. Lakini mwenye mada kasema bajeti ndogo.

MzeeKilomita
Vijana mnajadili vyuma, mmemsahau anayekalia. Kwenye cruiser miguu iko mbele, kwa hiyo uzito wote wa mwili unatua kwenye mfupa wa mkia. Shimo likija huwezi kusimama juu ya vikanyagio kama wa pikipiki za vumbi. Ndiyo maana nauliza shokapu kabla ya injini. Super Meteor nyuma inacheza milimita 101 tu, kwa hiyo lami ikiharibika utajua. Kwa upande mwingine ina kilo 241, wakati Vulcan LT na kioo chake na mabegi inakaribia 300. Hizo kilo 60 barabarani huzioni. Utaziona ukigeuza pikipiki kwenye kokoto umechoka, mama watoto akiwa amesimama pembeni anakuangalia.

Halafu matairi. Vulcan LT na C50T nyingi zina rimu za spoku, ndani mna tyubu. Super Meteor ni tyubulesi. Niliwahi kupata pancha ya nyuma, pikipiki siitaji jina, ilikuwa ya tyubu. Nikashusha mabegi yote, nikatafuta jiwe la kuegemeza fremu, nikatoa ekseli nimelala ubavu. Jua lilizama nikiwa palepale. Mwenzangu wa tyubulesi alipopata yake alichomeka kizibo, akapuliza upepo, chai yangu haijapoa.

GiaYaSita
Mzee hapo umenigusa. Na kioo cha mbele?

MzeeKilomita
Ukikaa sawasawa, ukingo wake uje usawa wa pua, uone barabara kwa juu yake. Kikiwa kirefu, mvua ya usiku itakufanya uangalie matone badala ya njia. Kikiwa kifupi, upepo unapiga helmeti jioni nzima na masikio yanalia hadi kitandani. Vaa viziba masikio hata kama kioo ni kizuri.

MzigoMwepesi
Nimerudi. Nimeenda kuzikalia zote, dakika 40 kila moja, wauzaji wakanishangaa. Vulcan ni sofa, siwezi kudanganya. Lakini nilipoisukuma kinyumenyume kwenye mwinuko kidogo ilinishinda, nikaomba msaada. C50T ilinikaa vizuri kwa miguu, na shafti ya Fundi imeniingia akilini. Super Meteor mgongo uliona raha, ila kiti cha nyuma mama watoto alikigusa kwa mkono akacheka. Naegemea C50T, ya sindano za mafuta, si zile Volusia za kabureta zilizoitangulia. Niangalie nini?

FundiSpana
Kwanza injini ikiwa baridi, mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika. Weka mita kwenye betri, iwashe, pandisha mzunguko wa injini: mita isome volti 14 hivi. Ikibaki 12 na kitu, chaji ina ugonjwa. Ukiweza, tairi la nyuma likitolewa angalia meno ya shafti kama yana grisi au ni makavu na kutu nyekundu. Na soma namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Wengi watakuonyesha kashata nene za tairi la zamani, mpira umeshakuwa mgumu kama soli.

DadaKlachi
Na mama watoto aende nawe, akikalie kiti safari hii, asikiguse kwa mkono tu.