Yule jamaa wa Noah kanianika stendi nzima ya Rangi Tatu, maiki hakuzima MAKUSUDI!!

FundiGrili46

Wakuu habari zenu, yangu mimi si nzuri, naandika huku mikono inatetemeka kwa hiyo herufi zikiruka mnisamehe.

Jina lake sitaji na hata nisipotaja mnamjua. Yule wa Noah ya silva yenye spika mbili juu ya keria, anayevaa koti jeupe la kidaktari na ndala chini. Yule wa "Baba! Mgongo unauma, kiuno kimekaza, mama akigeuka huku wewe unageukia ukutani!" anairudia hiyo kutoka saa mbili asubuhi mpaka Isha, kama umepita Mbagala na hujamsikia kapime masikio.

Sasa jana saa kumi jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha, umri 46, na kama miezi miwili hivi mnara unasoma unakata unasoma unakata, tuseme ukweli tu hapa hatujuani. Nikasema ngoja nikaulizie vitamini. VITAMINI wakuu, sio dawa, vitamini hata watoto wa chekechea wanapewa. Nikajisogeza kwa nyuma ya gari taratibu kama mtu anayetafuta vocha, jamaa akaniona, akanishika bega, akanivutia mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa "usiwe na wasi kaka, hapa ni siri yako, yangu na Mungu".

Siri! Huku ana ile maiki ya kichwani, ile yenye kakijiti kanakuja mpaka mdomoni kama rubani. Na hakuizima.

"Kaka, asubuhi ukiamka inasimama au haisimami?"

Wakuu ile sauti haikutoka mdomoni kwake, ilitoka JUU, ilishuka toka mbinguni kama siku ya kiama. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni ile rekodi yake imefika sehemu mpya. Nikajibu. Na nilikuwa nimemwinamia nimnong'oneze, kwa hiyo mdomo wangu na maiki yake vilikuwa vinapigana busu.

"Nusu."

Nusuuuuu. Ikaenda ikagonga ghorofa la ng'ambo ikarudi. Konda aliyekuwa anaita Kariakoo Kariakoo akanyamaza. Mmeshawahi kuona konda wa Mbagala kanyamaza?? Mama wa chapati ninayekula kwake kwa daftari kila siku ya Mungu alikuwa anageuza, mkono ukabaki hewani, chapati ikaungua na mwiko kaushika. Watu kama elfu nne hivi wamegeuka wananitazama, na hawanitazami usoni.

Nyie mnadhani hapo aliacha? Akauliza tena, bado kupitia mbinguni: "Nusu ya kulala au nusu ya kuamka?"

Nikashindwa kukimbia, miguu imekufa, nikatoa hela ili tu aninyamazie, na bei nayo ikatangazwa, "kwa huyu mzee mwenye nusu namfanyia thelathini na tano badala ya arobaini na tano". Mzee! Dakika mbili nyuma nilikuwa kaka!

Leo asubuhi nafika karakana, kijana wangu wa kazi, mtoto niliyemfundisha mimi kushika holda, kasimama na futi kamba ananiuliza na uso mkavu: "Bosi, dirisha la mteja tunatumia skwea paipu ya inchi moja au tuweke ya nusu?"

Nusu. Wenzake wakaanguka chini. Mpaka wa duka la vifaa jirani kaja kuegemea mlango asikilize.

Namshitaki wapi huyu mtu??? Yaani asubuhi inasimama au haisimami, kwenye SPIKA MBILI.

mzee_wa_kijiwe

Hujajibu swali mkuu. Ya kulala au ya kuamka

Kaka_Mkubwa_Tandika

Modi naomba abadilishiwe jina huyu aitwe Bwana Nusu, FundiGrili46 ni refu linatuchosha kuandika

DogoYanga

46 ukigawa kwa mbili 23. Nimemaliza

chapati_mbili_maharage

Mimi nilikuwepo!!! Nilikuwa ndani ya gari la Kariakoo dirishani, wallahi nilidhani ni tangazo la redio. Ila mkuu tuwe wakweli, hizo spika ni safi, neno lilitoka zima halikukwaruza hata kidogo. Dada aliyekaa na mimi alisema "masikini baba wa watu", kwa hiyo huruma unayo, usijione uko peke yako.

FundiGrili46

Wewe unanifariji au unanimalizia?

Nesi_wa_Zamu

Ngoja niulize la maana. Hiyo chupa imeandikwa nini, na umeshakunywa?

FundiGrili46

Imeandikwa zinki, L-arginini, jinseng, vitamini B12, halafu "asili asilimia 100" na picha ya simba dume kakanyaga ndizi. Nimekunywa viwili jana usiku, hela yangu nimetoa nisinywe? Baada ya kama saa moja uso ukawa wa moto, pua ikaziba, kichwa kikawa kinagonga kama kuna mtu anapigilia misumari, na taa ya sebuleni ikawa na ubluu ubluu hivi nikamwambia mke wangu umeme umepungua.

DogoYanga

Na mnara?

FundiGrili46

Hilo sio mada.

mzee_wa_kijiwe

Ulisoma huo. Anayekwepa ujue ulisoma

FundiGrili46

Ulisoma! Haya! Lakini nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, ulisoma kwa ajili ya nani??

Nesi_wa_Zamu

😂😂 Pole baba. Lakini nisikilize. Zinki haifanyi mtu aone bluu. B12 haizibi pua. Uso moto, pua kuziba, kichwa, rangi ya bluu, hivyo vyote kwa pamoja ni alama za sildenafili, ile dawa yenyewe ya Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kuna watu wanaisaga wanaichanganya humo, wanabandika lebo ya mitishamba, wewe unajua unakunywa mizizi. Marekani kwenyewe mamlaka yao ya dawa kila mara inatoa onyo la vidonge vya "asili" vilivyokutwa na hiyo kitu ndani. Na hujui umewekewa kipimo gani, leo kidonge kimoja kina kidogo kesho kina cha kuangusha tembo.

Zinki inasaidia kama mwilini umepungukiwa, kama hujapungukiwa haikuongezei kitu. Arginini kweli mwili unaitumia kutengeneza naitriki oksaidi inayolegeza mishipa damu ipite, lakini haipigi kwa saa moja namna hiyo. Una presha? Sukari? Kuna dawa ya moyo unatumia?

FundiGrili46

Sijawahi kupima. Yule naye hakuuliza hayo, yeye aliuliza asubuhi inasimama au haisimami!

Nesi_wa_Zamu

Hilo swali hata daktari anauliza, tofauti anafunga mlango. Kama asubuhi inaamka yenyewe mara nyingi shida iko kichwani, mawazo, madeni, kama haiamki kabisa tunaanza kuangalia mishipa na sukari. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, ikianza kuziba huko chini ndiko kunakotoa taarifa kwanza. Kapime presha na sukari wiki hii, na hizo zilizobaki usiguse. Mtu anayetumia zile za moyo za kuweka chini ya ulimi akichanganya na hii presha inaporomoka, anaondoka kweli, sio utani.

Kaka_Mkubwa_Tandika

Kwa hiyo nusu ni mawazo au ni mishipa? Nusu kwa nusu?

BiTatu_Kijichi

Samahanini kina baba naingia bila hodi. Huyu kaaibika mara moja tu anafungua uzi, mimi mwanaume wangu ameleta vumbi la Kongo, lile la nguvu za kiume, ndani nikadhani ni iliki ya kusaga nikatia kwenye chai ya wageni. WAGENI. Wa kutoka kanisani. Kodi ya miezi mitatu haijalipwa lakini kikopo cha vumbi kipo, mkuyati upo chini ya kitanda, mbegu za maboga kila mfuko wa suruali nikifua zinaziba mashine. Na akishakula vyote hivyo analala saa mbili na nusu anakoroma. Mngeniuliza mimi ningewaambia hata hiyo nusu iletwe.

chapati_mbili_maharage

Wageni walifanyaje dada, hapo ndipo tunapopataka

BiTatu_Kijichi

Mzee wa kanisa aliomba chai ya pili.

DogoYanga

😭😭😭 uzi ufungwe

FundiGrili46

Jamani turudi kwenye mada, mimi nimedhalilishwa, nauliza namshitaki wapi.

karani_asiyelala

Mkuu hapo utazunguka kama pia. Kwanza utaulizwa ulichonunua ni chakula au dawa. Tangu 2019 ile TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, chakula kikahamia TBS, wale wa viwango. Ukisema ni kirutubisho utaambiwa nenda TBS, ukisema kinatibu utaambiwa nenda TMDA, ukisema alikuambia ni mizizi utaambiwa kuna Baraza la Tiba Asili. Chupa yako ina picha ya simba na ndizi, sasa hiyo sijui ni maliasili au kilimo. Ila kwa kilichomo humo ndani anavyosema Nesi, peleka TMDA na chupa yenyewe, lebo usibandue.

FundiGrili46

Na maiki je? Maiki napeleka wapi? Maana shida yangu sio vidonge!

karani_asiyelala

Maiki ni kelele, hiyo ni NEMC, wale wa mazingira. Siku ya kwenda kumbuka utatakiwa kueleza kelele ilisema nini.

FundiGrili46

Basi naacha.

Wa_Kisauni

Mambo ndugu zangu, mimi niko Mombasa huku. Nyinyi mnalia na maiki, mimi niliuziwa mkombero ndani ya matatu, ile mizizi ya Kakamega ya kutafuna, jamaa akaapa kwa mamake. Natafuna wiki nzima, uchungu sina, utamu sina, nimekuja kumwonyesha shemeji yangu Mluhya akanusa akacheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa mzizi wa mhogo umekaushwa. Mia mbili yangu. Na meno yanauma.

mzee_wa_kijiwe

Mhogo si ndio wenyewe huo, huku mhogo mbichi na nazi na karanga tunalipia, wewe umepewa na mizizi yake bado unalalamika

Pweza_Original

Mnapoteza hela kwa ujinga. Kikombe cha supu ya pweza jioni, alkasusu glasi moja, tende saba, basi. Babu yangu alikuwa na wake watatu hakujua zinki ni nini.

Kaka_Mkubwa_Tandika

Babu yako alikuwa anatembea kwa mguu toka Rufiji na alikuwa hajui mkopo wa kausha damu ni nini, usimlinganishe na sisi. Halafu nyie wauza pweza nyamazeni kabisa. Juzi nimenunua kikombe buku zima, nakunywa natafuta pweza kama natafuta kazi, ndani mna pilipili, ndimu, na kipande kimoja kigumu kama tairi. Nikamuuliza huyu pweza au ngisi, akaniambia "hao ni ndugu".

Pweza_Original

Buku unataka pweza mzima? Sokoni Feri unajua anauzwaje? Lete hela tukupe mkono wote mpaka kidole

chapati_mbili_maharage

Pweza hana vidole

Pweza_Original

Unaelewa nilichomaanisha

BiTatu_Kijichi

Supu zenu zote ni maji ya kuoshea samaki, mimi nimeshapika kwenye hoteli naongea ninachokijua. Mnaweka tangawizi mtu akitoka jasho anajua ndio nguvu hizo.

Wa_Kisauni

Dada hapo umesema kweli, huku nako ni hivyo hivyo, wale wa Forodhani nao nilipokuja Unguja walinipiga bei ya mzungu na mimi mweusi tii

Kaka_Mkubwa_Tandika

Kikombe buku, nasisitiza. Na kikombe chenyewe ni cha kupimia karanga.

FundiGrili46

Kwa hiyo mnaongelea vikombe sasa? Mtu mzima nimetangazwa stendi nzima, leo nimeshinda njaa kwa sababu siwezi kurudi kwa mama wa chapati, na daftari langu lipo kwake nadaiwa elfu kumi na nne mia tano!

chapati_mbili_maharage

Mkuu hilo nilisahau kukwambia, leo mchana nimepita pale nikala. Kakuulizia. Kasema "yule fundi mwambieni arudi, mimi siangalii hayo, alipe angalau nusu".

DogoYanga

😭😭😭😭😭

mzee_wa_kijiwe

Hapana huyo mama kafanya kusudi

karani_asiyelala

Samahani nje ya mada, hiyo maiki ya kichwani isiyo na waya inauzwa bei gani Kariakoo? Nina kikundi cha kwaya tunatafuta, na kama alivyosema jamaa hapo juu haikwaruzi tungependa aina hiyo hiyo.

chapati_mbili_maharage

Za elfu thelathini na tano zipo ila betri inakata katikati ya wimbo. Ile ya yule jamaa sio ya bei hiyo, ile inavuta mpaka mnong'ono.

karani_asiyelala

Mnong'ono kabisa? Soprano wetu wana sauti ndogo.

chapati_mbili_maharage

Mkuu FundiGrili ndiye aliyeijaribu, muulize. Ulikuwa umbali gani na maiki uliposema lile neno?