Pedali ya breki inalegea nikiteremka Mai Mahiu: shida ni mafuta, pedi au mguu wangu?

Mzigo_Kinoo
Wadau, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaojua breki. Gari ni Probox ya 2008, otomatiki ya gia 4, ina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu). Hapa Nairobi breki hazina neno, hata kwenye jam ya Waiyaki Way. Lakini nikiwa na mzigo wa kilo 350 hivi, nikitoka Kimende kuteremka Mai Mahiu, katikati ya mteremko pedali inakuwa laini kama sponji, na chini kabisa inakaribia sakafu. Nikipumzika nusu saa inarudi. Fundi aliweka pedi mpya za mbele, hali ikabaki ileile. Mafuta ya breki sijui yalibadilishwa lini, yana rangi ya chai ya rangi. Nibadilishe nini? Na mguu ufanyeje pale?

Spana10
Kaka, umeshajijibu nusu kwa kusema "laini". Watu husema breki zimefeli kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki juu na ngumu; unakanyaga kama unakanyaga jiwe na gari halishiki. Mafuta yakichemka, pedali inazama. Mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo pale unakuwa unakanyaga viputo vilivyo ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji maji na breki inajifanya nzima. Pedi mpya zisingeweza kutibu hilo.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachokubaliwa kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230, kisha 155. Rangi si kipimo kizuri, kuna kalamu ya kupima unyevu, ila kama hujui yaliwekwa lini usipoteze muda kupima. Mwaga yote. Baada ya hapo, kila miaka 2.

Kona_Nne
Naongezea upande wa joto. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo kwa mwendo uleule, linatoa nishati ya megajuli 1.5 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji. Na ule mteremko si wa mita 100, ni mia kadhaa. Kama injini haibebi sehemu yake, sehemu kubwa ya joto hilo inaishia kwenye diski mbili za mbele, kwa sababu uzito umelalia mbele.

Kwa hiyo shusha gia KABLA ya kuanza kuteremka. Kwa otomatiki yako zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), halafu weka 2 mwendo ukiwa umeshapungua. Gia ni sahihi kama gari linajizuia lenyewe sehemu nyingi bila kuongeza kasi. Injini kulia kwa mizunguko 3,000 au 3,500 si dhambi, imeundwa kwa hilo. Likianza kukimbia, kanyaga kwa nguvu sekunde chache, punguza mwendo kutoka 60 hadi 45, kisha achia KABISA. Usiache mguu umelala juu ya pedali kilomita nzima. Huo mguu mwepesi ndio unaopika mafuta, maana diski hazipati nafasi ya kupoa.

Na usitie fri (gia kwenye N). Injini za kisasa hukata petroli gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kwa hiyo fri haikuokolei hata shilingi. Ukizima injini ndiyo balaa: servo (kisaidizi kinachofanya pedali iwe nyepesi) inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa chuma.

Wa_Rongai
Mimi najua dawa ni kupampu. Kwa nini hamjamwambia?

Spana10
Kwa sababu inategemea. Pedali ikizama, ndiyo, pampu haraka na kwa nguvu, huenda ukabana ule mvuke na kupata breki kidogo. Wakati huohuo shusha gia moja moja, washa hazadi, piga honi, na vuta handbreki polepole kitufe kikiwa kimebonyezwa ili uweze kulegeza magurudumu ya nyuma yakianza kuburuta. Ikibidi kugusa kitu, heri ukingo wa upande wa mlima kuliko bonde.

Lakini breki zikiwa nzima na lori limesimama ghafla mbele yako, gari la ABS halipampiwi. Kanyaga lote mara moja, shikilia, na uelekeze usukani mahali penye nafasi. Pedali itatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Wengi hushtuka hapo na kuachia, wakati ndio kwanza mfumo unafanya kazi.

Kona_Nne
Sawa kabisa, na tahadhari moja: kwenye changarawe ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, maana gurudumu lililofungwa hujikusanyia kokoto mbele yake kama kabari. Unabaki na usukani, lakini ongeza nafasi. Na kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Kwenye lami kavu, 50 ni kama mita 14, na 100 ni kama mita 56, kabla ya kuhesabu muda wa mguu kufika kwenye pedali.

Mzigo_Kinoo
Asanteni sana. Kazi ya mafuta naweza kuifanya nyumbani?

Spana10
Unaweza, mkiwa wawili. Lita 1 ya DOT 4 iliyofungwa, spana ya niple, yaani kiskurubu cha kutolea mafuta kwenye kila gurudumu (jaribu 8 au 10), mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, na chupa. Nyonya yaliyo kwenye kikopo cha juu, jaza mapya. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali): nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue niple robo mzunguko, afunge, ndipo mguu uachiwe. Endelea mpaka yatoke meupe bila viputo.

Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Kwenye gari la zamani, pedali ikishuka mpaka mwisho mpira wa masta unapita sehemu yenye kutu ambayo haujawahi kufika, unachanika, na umejitengenezea gharama mpya. Kikopo kisikauke, hewa ikiingia kwenye ABS utahitaji mashine ya kuiondoa. Yaliyotoka usiyarudishe. Na ukiuziwa DOT 5 kataa: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi.

Ukiwa chini ya gari, toa pini za kalipa. Zisipoteleza kwa vidole, pedi inasugua muda wote.

Wa_Rongai
Akiweka mafuta ya breki ya mashindano kama ya Safari Rally na mikanda minne ya kiti si amemaliza kila kitu?

Kona_Nne
Hapana, ndugu. Yale mafuta huchemka juu ya nyuzi 300 lakini mengi hunyonya maji haraka, na timu huyabadilisha mara kwa mara. Ya mikanda ni mbaya zaidi. Mikanda ya bega inakamata kifua, kichwa kinaendelea kwenda mbele, na shingo ndiyo inalipa. Ndiyo maana madereva wa mashindano huvaa HANS, kola ya mabegani inayofunga helmeti. Formula 1 waliilazimisha 2003. Mikanda minne bila mkanda wa katikati ya mapaja pia humfanya mtu ateleze chini, mkanda ukapanda tumboni. Abaki na mkanda wa kiwandani, ndio ulioundwa kufanya kazi na airbag.

Mzigo_Kinoo
Marejesho: mafuta ya nyuma yalitoka meusi kabisa, na pini ya chini ya kalipa ya mbele kulia ilikuwa imeshika. Pedi ya ndani imebaki milimita 4, ya nje 9. Pedali sasa iko juu.

Spana10
Hiyo tofauti ya 4 na 9 ni ile pini. Safisha, paka grisi ya silikoni ya breki, si ya bearing. Weka pedi mpya pande zote mbili za mbele, kisha uzilaze (zizoeane na diski): mara 8 hadi 10 kutoka 60 hadi 20 bila kusimama, halafu dakika 10 za kutembea bila breki. Diski zikiwa moto usisimame umekanyaga pedali, na usizimwagie maji.