Mrejesho: riwaya mlizonishauri nisome

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita niliwauliza, nikiwa hapa Kisumu, nianze na riwaya zipi za Kiswahili baada ya miaka mingi bila kusoma, nanyi mkanitajia nne. Nimezimaliza tatu. Siku Njema ya Ken Walibora ndiyo iliyoniteka zaidi, kwa kuwa safari ya mhusika mkuu, Kongowea, kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake inaishia katika nchi ninayoifahamu, na nilijikuta nikisoma polepole makusudi ili kitabu kisiishe upesi. Ingawa, kusema kweli, sadfa zake zimezidi kiasi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilinihuzunisha, hasa ule ukali wa baba ambao, badala ya kumlinda binti, ulimwacha asijue kujilinda. Utengano ya Said Ahmed Mohamed niliipenda bila kushangazwa nayo. Nagona, pia ya Kezilahabi, imenishinda: ni kitabu chembamba, lakini nimezirudia kurasa za mwanzo mara tatu na bado sijui msimulizi yuko wapi. Aliyenishauri niisome kama ndoto, nitaufuata ushauri wake likizo ya Desemba.